Inchi Thelathini na Saba za Fundi

Tarehe mosi ya kila mwezi, kabla hajafungua madirisha, Fundi Inchi alivua shati, akajizungushia tepu kiunoni, akaisoma kwa jicho moja, kisha akaandika kwa chaki ukutani, nyuma ya cherehani: 37. Juu yake kulikuwa na 37 nyingine, na juu ya hiyo nyingine, safu kwa safu mpaka karibu na taa. Miaka sita ya chaki. Mara mojamoja ungekuta 37 na nusu, basi ujue mwezi ule mzee wa watu alishinda na chai kavu siku nne mpaka ile nusu ikatoka. Wateja walipouliza namba zile ni za nini, aliacha kazi kabisa. Jamani, mtu yule alipenda kuulizwa!

"Hizo," alisema, "ni kiuno changu."

Halafu aliwapeleka kwenye suruali. Aliitundika pembeni ya kioo: suruali ya kijivu, kiuno inchi arobaini na sita, aliyojishonea mwenyewe enzi zile ana kilo mia moja na kumi na mbili na akipanda ngazi tatu anatafuta ukuta wa kushika. Aliingiza miguu yote miwili kwenye mguu mmoja wa ile suruali, akasimama hivyo mbele ya mteja, akacheka mwenyewe. Mteja, aliyekuja kubadilishiwa zipu tu, alicheka kwa adabu akaangalia saa.

Msimcheke sana lakini. Alipungua kweli, tena kwa jasho lake. Kaka yake mkubwa, aliyemfundisha kazi, alikuwa fundi wa suti ambaye mafundi wenzake walimwogopa. Ugonjwa wa sukari ulimla mguu wa kulia, mguu wa kukanyagia, ukakatwa juu ya goti. Cherehani akampa mdogo wake. "Ichukue," alimwambia, "mimi sina tena cha kuikanyagia." Ndiyo anayoitumia mpaka leo. Kwa hiyo siku daktari alipomwambia kwamba na yeye ana sukari, hakungoja kuambiwa mara mbili. Akaacha soda. Akaacha sukari kwenye chai. Wali uliokuwa mlima kwenye sahani ukawa kichuguu. Akawa anatembea dakika arobaini kwenda kazini na arobaini kurudi, mvua ije jua liwake. Ilimchukua miezi kumi na minne kufika kilo themanini na nne.

Daktari, mama mmoja wa makamo asiye na maneno mengi, akamwachisha vidonge vya sukari kwa masharti mawili. Kiuno kisipite inchi thelathini na nane, na kila baada ya miezi mitatu aende kupimwa damu. Sharti la kwanza alilishika kama kiapo. La pili alilishika miaka miwili, kisha akaona anapoteza muda wa watu. Aende kufanya nini, na kiuno ni kilekile?

Tepu yake ilikuwa ya kitambaa, ya manjano, aliyoinunua mwezi uleule alioachishwa vidonge. Tepu za plastiki alizidharau, alisema zinateleza na zina baridi. Ile ya njano hakuruhusu mtu kuigusa. Kila Ijumaa aliifua kwa maji ya sabuni, akaitundika ikiwa mbichi kwenye msumari, na kwenye ncha ya chini akafunga mkasi wake mkubwa wa chuma ili ikauke imenyooka. Mafundi wenzake tepu zao zilikuwa zimejikunja na kufubaa. Yake ilining'inia wima, safi, na aliionea fahari kuliko cherehani.

Sasa, kuna mambo yalianza kumchanganya, tena taratibu, moja leo, jingine baada ya mwezi.

Kwanza zilikuwa suruali zake. Alijishonea mpya kila mwaka, kiuno thelathini na saba, ikimkaa barabara. Ikifika mwaka, inabana. "Vitambaa vya siku hizi," alimlalamikia mkewe, "ukivionyesha maji tu vinarudi." Mkewe, aliyekuwa mtu wa pasi na vifungo katika karakana hiyo hiyo, alimtazama tu akaendelea kunyoosha kola.

Pili ilikuwa ugomvi wake na muuza vitambaa wa barabara ya pili, ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Mita. Wawili hao walikuwa marafiki wa damu. Lakini kila Fundi Inchi akifika nyumbani na kitambaa akakipima, kimepungua. Mwanzoni kilipungua kidogo, mtu unasamehe. Halafu kikawa kinapungua zaidi. Akarudi dukani akafoka mbele ya wateja. Bwana Mita akapima upya kwa fimbo yake ya chuma, kitambaa kikatimia. Akaapa kwa watoto wake wote. Fundi Inchi akaenda nacho nyumbani, akapima, kimepungua! Akashika kichwa. Inawezekanaje nguo ipungue njiani? Tangu hapo walisalimiana kwa nyusi.

Tatu ilikuwa mwili. Miaka minne iliyopita alihamishia kazi chumba cha mbele cha nyumba yake, kodi ya karakana imemshinda, akazinakili namba zake zote za chaki kwenye ukuta mpya, na zile dakika arobaini za kwenda na kurudi zikageuka hatua kumi na mbili kutoka kitandani. Kiti kikampenda. Mkono nao ukazoea karanga zilizokuwa kwenye bakuli la wateja. Kisha kikaja kiu. Jagi la lita mbili liliisha kabla ya adhuhuri, na choo akawa anakijua kuliko mteja wake yeyote. Tundu la sindano likaanza kumkimbia, akasema miwani imechoka. Mguu wa kulia ukawa unalala juu ya kanyagio, analikanyaga kanyagio bila kujua kama amelikanyaga, akasema kiatu kinabana.

Mkewe alimwambia siku moja, mwaka juzi, "Mzee, mbona kama unarudi kule ulikotoka?"

Palepale akachomoa tepu. Thelathini na saba! Akampima na mkewe, akamkuta amepungua inchi mbili. Mkewe akanyamaza, na habari ikaishia hapo.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mpaka binti yao alipotaka kuolewa.

Alikuwa mtoto wao wa pekee, mwalimu wa shule ya msingi katika mji mwingine, na alisema gauni lake la harusi halitashonwa na mtu mwingine chini ya jua. Kwa kuwa shule haikuwa imefunga, mwalimu mwenzake alimpima kwa tepu mpya ya plastiki, naye akamsomea baba yake vipimo kwenye simu. Kifua thelathini na sita. Kiuno ishirini na nane. Urefu kutoka bega hadi sakafuni hamsini na tano. Fundi Inchi aliandika, akasoma tena, akamsomesha binti mara ya tatu mpaka binti akasema, "Baba, vocha inaisha."

Alilishona kwa wiki tatu. Mkewe alitia vifungo kumi na vinane mgongoni, vidogo kama punje za mahindi, kimoja kimoja kwa mkono. Lilipokamilika walilitundika, wakakaa kulitazama.

Binti alifika siku kumi kabla ya harusi. Aliingia chumbani na mama yake kulijaribu. Kisha akatoka ameshika gauni kwa mikono miwili kifuani lisianguke, na pindo linafagia sakafu nyuma yake.

"Baba," alisema, akijaribu kucheka, "hili ni la nani?"

Fundi Inchi alisimama. Akazunguka nyuma, akashika kitambaa kiunoni, kikamjaa mkononi. Mabega yalikuwa yameteremka. Kila mahali palikuwa pakubwa. Alichukua daftari akasoma vipimo, akachukua tepu yake akapima gauni: kifua thelathini na sita, kiuno ishirini na nane, urefu hamsini na tano. Gauni lilikuwa sahihi! Miaka thelathini hajawahi kukosea hata robo inchi. Basi kama gauni halijakosea, kilichobadilika ni mtoto.

Alimtazama binti yake usoni kama vile hajawahi kumwona. "Umekonda," alisema.

"Sijakonda, baba."

"Umekonda ndani ya mwezi mmoja! Unakunywa maji sana?"

"Kawaida."

"Na chooni je? Unakwenda mara ngapi?"

"Baba! Mimi bibi harusi, unaniuliza choo?"

Lakini yeye hakuwa anasikia tena. Alikumbuka kwamba kaka yake, kabla ya mguu, alianza hivyohivyo, kukonda ghafla na mashati kumpwaya. Ugonjwa ule ulikuwa wa nyumba yao. Sasa umemrukia mtoto, na yeye baba yake alikuwa ameshughulika na kiuno chake tu miaka yote. Aliogopa kiasi kwamba hakuweza kumaliza chai. Asubuhi iliyofuata alimshika binti mkono wakaenda kliniki, mitaa miwili tu kutoka pale, na njiani alisimama mara mbili kununua maji. Binti aliona hilo.

Daktari alimpima binti damu, akampandisha kwenye mizani. Kilo hamsini na nane. "Ndizo kilo zangu tangu chuo," binti alisema. Majibu yakaja: hana sukari, hana chochote, ni mzima kabisa.

Fundi Inchi alikaa chini kwa nguvu. Alifurahi mpaka machozi yakamlengalenga, na hapohapo akachanganyikiwa upya. Kama mtoto hajakonda na gauni halijakosea, basi nini kimetokea?

"Na wewe, baba," daktari alisema, akifungua faili lenye vumbi, "mara ya mwisho nimekuona miaka minne iliyopita."

"Mimi sijambo, daktari. Kiuno changu ni thelathini na saba."

"Hongera. Panda hapa."

Alipanda kwa kujiamini. Sindano ya mizani ikapita themanini na nne, haikujali, ikaenda kusimama tisini na nne.

"Mizani yako mbovu," alisema.

"Imempima binti yako sasa hivi."

"Basi imeharibika aliposhuka."

Daktari hakubishana. Alitoa tepu mfukoni mwa koti, akamzungushia. "Arobaini," alisema.

"Na tepu yako mbovu vilevile!"

Binti alicheka. Halafu alimwona daktari anatazama karatasi ya damu, akaacha kucheka. Sukari ilikuwa kumi na nne. Walipomwachisha vidonge ilikuwa tano na nusu. Daktari alimlaza kitandani, akamwambia afumbe macho, akawa anamgusa vidole vya miguu kwa uzi mwembamba. "Ukihisi, sema." Mguu wa kushoto alisema mara kumi. Mguu wa kulia alisema mara tano, na alipofumbua macho alimkuta binti yake amegeukia dirisha.

"Nimekugusa mara kumi," daktari alisema.

Alivaa soksi polepole, akianza na mguu wa kulia.

"Hujachelewa," daktari alimwambia, akimwandikia vidonge. "Lakini ungengoja mwaka mmoja zaidi, mazungumzo yetu yangekuwa mengine. Nieleze tu, ulikuwa unajipima kwa kitu gani hasa?"

Alipofika nyumbani hakutaka kula wala kuongea. Binti ndiye aliyetoa kwenye begi lake tepu ya plastiki aliyopimiwa. Aliilaza kwenye meza ya kukatia, akailaza na ya njano kando yake, mwanzo kwa mwanzo, akazibana kwa pini. Wote watatu wakainama.

Ya plastiki iliishia sitini. Hapo ilipoishia, ya njano ilikuwa inasoma hamsini na tano na nusu, na bado ilikuwa inaendelea na safari yake kuelekea ukingo wa meza.

"Ya plastiki imesinyaa," Fundi Inchi alisema haraka.

Binti, mwalimu huyo, akatoa rula ya darasani. Inchi kumi na mbili. Tepu ya plastiki ikakubaliana nayo mstari kwa mstari. Ya njano ilisema kumi na moja na kidogo.

Alizigeuza. Akazibadilisha upande. Akapima rula kuanzia mwisho kurudi mwanzo, labda itajirekebisha. Haikujirekebisha.

"Lakini haiwezekani," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Mbona nguo za watu zinawakaa? Miaka sita! Nani amerudisha nguo hapa?"

"Unampima mtu kwa hii, unakata kitambaa kwa hii hii," binti alisema. "Imekosea huku, ikakosea kule sawasawa. Utajuaje? Gauni langu ndilo la kwanza kupimwa na tepu nyingine."

Alikaa kwenye kiti chake. Jicho lilienda kwenye msumari, kwenye mkasi mzito wa chuma ulioning'inia pale unangoja Ijumaa. Kila wiki, tepu mbichi, mkasi chini yake. Miaka sita alikuwa ameivuta tepu yake kwa mkono wake mwenyewe, kwa usafi, na ilivyorefuka ndivyo alivyonenepa nayo, wakienda pamoja bila kuachana. Ndiyo maana suruali zilibana. Ndiyo maana vitambaa vilipungua njiani. "Bwana Mita!" alisema ghafla, akafunika uso kwa aibu. "Nimemwita mwizi mbele ya wateja wake!"

Kisha alitazama ukuta. Zile thelathini na saba zote zilimtazama. Alitaka kuwa na hasira na mtu, akatafuta wa kumkasirikia, akamkosa. Akamgeukia mkewe.

"Wewe unanishika kila siku. Hukuona?"

"Niliona."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia." Mkewe alikuwa anafungua vifungo vya gauni kimoja kimoja, maana kazi ilikuwa inaanza upya. "Mikono yangu ilikuwa inakutana mgongoni kwako, mzee. Ikaacha kukutana. Nikakuambia unarudi ulikotoka. Ukachomoa hiyo tepu yako. Halafu ukanipima na mimi, ukaniambia nimepungua inchi mbili."

"Ukaamini?"

"Nilifurahi," alisema. "Nani hataki kupungua inchi mbili akiwa amesimama tu? Nilinyamaza kwa sababu ya zile mbili zangu."

Binti alitoka akaenda jikoni, akawaacha. Walikaa hivyo kwa muda, yeye kwenye kiti chake, mkewe na gauni mapajani, hakuna aliyejua acheke au alie. Mwishowe mkewe alicheka kwanza.

Gauni lilipunguzwa, kwa tepu ya plastiki, na siku ya harusi lilimkaa binti vizuri mpaka Bwana Mita, aliyealikwa na kuombwa radhi mara tatu, akashika pindo na kusema kitambaa hicho ni cha dukani kwake. Fundi Inchi alirudi kwenye vidonge. Karanga zilihamia kabatini. Na kila asubuhi alianza kutembea tena dakika arobaini mpaka ilipokuwa karakana yake ya zamani, akaugusa mlango, akageuka. Watu wa pale, waliokuwa sasa wanauza matairi, walimuuliza siku za mwanzo amesahau nini. Alishindwa kuwaeleza. Ukweli ni kwamba alikuwa bado hajaelewa vizuri: mtu anawezaje kujichunga miaka sita, kila mwezi, bila kukosa, akafika palepale ambapo asiyejichunga angefika?

Tarehe mosi ilipofika alisafisha ukuta kwa kitambaa kibichi. Ilimchukua muda. Alijipima kwa tepu ya plastiki, akasoma, akaandika 39 na nusu juu kabisa, peke yake. Alikuwa anarudisha chaki mfukoni mkewe alipoingia na pasi, akaiweka chini.

"Bado hujamaliza," mkewe alisema. "Inua mikono."

Aliinua. Mkewe akamkumbatia kwa mbele, shavu kwenye kifua chake, akapeleka mikono nyuma mpaka ilipofika.

"Inakaribia kukutana," Fundi Inchi alisema kwa furaha.

"Umebana tumbo."

"Sijabana."

"Pumua, mzee."

Kisha akapumua, tumbo likarudi mahali pake, na alihisi mikono ya mkewe inaachana mgongoni kwake.

"Vidole vinne," mkewe alisema, bila kumwachia.

Alichukua chaki, na pembeni ya 39 na nusu akaandika: vidole vinne.